Saruji ya Rigobert

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Rigobert alipangusa ukungu mweusi ukutani, juu ya kitanda cha binti yake. Kesho yake ukungu ulirudi. Hadassa, mwenye miaka sita, alikohoa mpaka akashindwa kulala. Daktari alisema wazi: ukungu ule ndio unaoumiza kifua cha mtoto.

Rigobert aliumia sana. Nyumba ile ya Ixelles, mjini Brussels, aliikarabati kwa mikono yake. Mwenye nyumba aliporuhusu, alipiga saruji kuta zote za chumba cha chini ya ardhi. Akaziba na kidirisha kinachotazama barabara, baridi isiingie.

Jumapili, baada ya ibada, mkewe Mujinga alimwita jirani yao Tharcisse, fundi wa nyumba za zamani. Tharcisse alishuka chini, akagonga ukuta, akaguna.

"Rigobert, nani alipaka hii ciment?"

"Ni mimi, tonton. Kwetu Lubumbashi, nyumba ya ciment njo nyumba!"

"Kule, bon, ni sawa. Lakini hii balijenga mu mille huit cent quatre-vingts, zaidi ya miaka mia ilipita, na matofali na chokaa. Maji ya udongo inaingia mu tofali, inatokea mu chokaa, hewa inaikausha. Ile kadirisha ulifunga njo pua ya nyumba."

"Na hewa inaendaga wapi?"

Tharcisse alimpeleka kwenye ngazi, akamwonyesha paa la kioo juu kabisa.

"Wakati ile bajengaji balianza kutumia sana chuma na vioo. Baliacha tundu pale juu. Hewa inaingia chini, inapanda na escalier, inatoka. Wewe ulifunga chini, alors maji ikapanda mu chambre ya mutoto."

Rigobert aliona aibu. Mujinga hakumbembeleza. "Nilikuambia, Papa Hadassa! Wewe, baridi, baridi!"

Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Jumamosi tatu Rigobert alibandua saruji yake kwa nyundo na tindo. Tharcisse akamfundisha kupiga lipu ya chokaa. Kidirisha kikafunguliwa, kikawekwa wavu wa kuzuia panya. Hadassa akalala sebuleni mpaka ukuta ukakauka, na ulichukua miezi.

Julai, baba na binti walipanda barabara ya Chaussée d'Ixelles kwenda Matonge, mtaa wa maduka ya Wakongo, kununua pondu, yaani kisamvu. Hadassa alikimbia kilima chote bila kusimama. Rigobert alimfikia akihema na kukohoa.

"Papa," mtoto akacheka, "sasa ni wewe unakohoa!"

Rigobert alicheka mpaka machozi yakamtoka, katikati ya wapita njia.