Siku Hhando Alipojisemea Mwenyewe

Likizo ya mwaka 1982 nilipakuta nyumbani Ganako kama nilivyopaacha. Mama alichuma maharage huku akitazama barabara. Basi likipita, alinyooka. Likishapita, aliinama tena.

Alikuwa akimngoja kaka yangu, Hhando.

Miaka miwili kabla, Hhando aliugua akili. Alisikia sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Siku moja sauti zilimwambia kwamba ghala la jirani yetu, Mzee Inosenti, limejaa nyoka. Akalichoma moto. Mahindi ya mwaka mzima yakateketea. Hhando akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali na kwetu.

Wazee walikaa. Baba akatoa ng'ombe, Inosenti akampokea. Kwa desturi yetu, kesi ikaisha. Lakini hakuna aliyemtaja Hhando tena. Mimi nilikosa mtu wa kucheka naye kanisani, mahali ambapo kicheko ni kitamu zaidi.

Likizo hiyo nilikuta barua tatu za hospitali nyuma ya picha ya Bikira Maria. Zote zilisema Hhando ana nafuu, tuje tumchukue. Baba hakujibu hata moja.

Bwenini shuleni nilisifika kwa kuiga mwandiko wa matroni. Basi nilikunja uso kama mtu mzima, nikaandika kwa jina la Baba: "Mimi Clemensi, mzazi wa mgonjwa, ninamngoja mwanangu kwa moyo mkunjufu." Nikatia sahihi. Ilikuwa nzuri kuliko ya Baba.

Wiki tatu baadaye alifika mama mmoja kwa pikipiki. Alikuwa Bi Margareth, afisa ustawi wa jamii.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kwa sababu ya barua yako nzuri."

"Marahaba. Barua gani?"

Ghafla nikakumbuka kwamba mbuzi wana kiu.

"Cresensia! Rudi hapa!"

Baba aliisoma barua. Nilisubiri fimbo. Yeye akakaa chini.

"Ninamtaka mwanangu," alisema polepole. "Lakini ninamwogopa."

"Huu ni ugonjwa, baba, si laana," alisema Bi Margareth. "Dawa zinautuliza. Atachomwa sindano kila mwezi hapo Karatu. Asiache hata akijiona mzima. Akianza kukosa usingizi au kuongea peke yake, mpelekeni mapema. Msimfunge kamba, msimfiche ndani. Mpeni kazi, kaeni naye. Nami nitapita kumwona."

"Na Inosenti? Si tulishamaliza kwa ng'ombe?"

"Twende tukamwulize mwenyewe."

Mzee Inosenti alitusikiliza mlangoni kwake. "Ng'ombe nilimpokea," alisema. "Lakini si ng'ombe aliyechoma ghala langu. Mke wangu mpaka leo akinusa moshi anatoka mbio. Kijana mwenyewe hajatuambia neno."

 Baba alikuwa amemwombea Hhando msamaha kama vile Hhando amekufa.

"Mkikubali wote, mtakaa pamoja," alisema Bi Margareth. "Mtasema kilichowaumiza, naye atajibu. Hakuna wa kulazimishwa."

Walikubali. Hhando alirudi na basi la Jumamosi, amekonda, maneno yanamtoka taratibu. Mama alimshika uso kwa mikono miwili.

Siku ya kikao, mke wa Inosenti, Mama Blandina, aliuliza swali moja.

"Kwa nini sisi?"

Hhando alimgeukia. "Niliamini nyoka watawaua, mama. Nilidhani ninawaokoa. Nikawatia njaa. Nisameheni."

Mama Blandina alilia. "Mimi nilidhani unatuchukia."

"Nitawajengea ghala jipya," alisema Hhando.

"Nitakata miti pamoja nawe," alisema Inosenti. "Wewe hujawahi kukata mti ulionyooka."

Hhando akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko kile kwa miaka miwili. Nikajifanya nina vumbi jichoni.

Nikiwa nimerudi shuleni, walijenga miezi miwili. Kila mwezi Baba alimsindikiza Hhando kwenye sindano, na Bi Margareth alipita kama alivyoahidi.

Asubuhi moja ya likizo iliyofuata, ghala likiwa limeezekwa, Mama Blandina aliita kutoka kwake.

"Hhando! Moto wangu umezimika, na madukani hakuna viberiti. Niletee kaa la moto!"

 Hhando alitwaa kaa jikoni, akaliweka kwenye kigae, akaanza kutembea kuelekea kwa jirani. Baba aliinuka amfuate. Mama akamshika mkono.

Hhando akaenda peke yake.