Nyundo Kisiwani

Haya yalimpata rafiki yangu Firmin, na asiyetaka kuamini aache. Mimi sibembelezi mtu. Tangu mababu zetu walipotoka Ufaransa kuja kuvua katika bahari hii ya kaskazini, watu wa kijiji chetu cha Anse-Grise huishi kisiwani majira ya joto. Kila Novemba tunapigilia mbao madirishani, tunarudi bara kabla bahari haijaganda. Atakayeachwa, ameachwa hadi Mei.

Mwaka huo nyumba ya Firmin ndiyo pekee iliyokuwa imebaki bila kufungwa. Alikwenda mchana kuifunga na kuchukua saa ya ukutani ya mama yake. Shemeji yake Clovis alibaki kwenye mashua.

"Fanya haraka, shemeji! Saa yenyewe ilikufa kabla ya mama!"

Firmin alikuwa anaitungua saa aliposikia nyundo. Ko, ko, ko. Dirisha la jikoni likaingia giza. Kisha la sebuleni. Kisha mlango.

"Clovis, acha utoto! Nitakung'oa meno!"

Nyundo ikanyamaza. Kutoka mbali kule ufukweni, Clovis akapaza sauti:

"Unagonga nini humo ndani, shemeji? Toka, barafu inaanza kushika!"

Firmin akaupapasa mlango gizani. Mbao zilikuwa zimepigiliwa kwa ndani, upande wake, na vichwa vya misumari vilikuwa bado vya moto.