Kiganja Kizima cha Unga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alimfunga mama yake vifungo vya gauni. Mama alikuwa fundi cherehani, lakini ugonjwa wa baridi yabisi ulikuwa umemvimbisha vidole hata mkasi ukamshinda. Binti yake walimwita Chapuchapu kwa sababu hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe.

"Kifungo cha juu umekitia tundu la chini tena," Mama alicheka. "Wateja watasema fundi gani huyu, kajivalisha gunia!"

Chapuchapu hakucheka. Alichotaka ni mikono ya Mama ipone, na ipone upesi. Ndiyo maana siku hiyo, alipotoka shule, alipitia sokoni kwa muuza mizizi.

"Ncha ya kijiko tu kwenye maji, asubuhi," muuza mizizi alimwambia, akifunga unga ndani ya karatasi. "Na vidonge vya daktari asiviache. Umenisikia, mwanangu?"

Chapuchapu alisikia vizuri. Ila njiani akawaza: kama ncha ya kijiko hupunguza maumivu, kiganja kizima si kitayamaliza kabisa? Alipofika nyumbani akasema, "Mama, muuza mizizi kasema kiganja kizima, asubuhi na jioni. Vidonge uviache."

Mama akaamini, akanywa. Mwanzoni vidole vilimlegea kidogo, Chapuchapu akarukaruka kwa furaha. Kisha macho ya Mama yakageuka manjano, na adhuhuri moja akaanguka kando ya cherehani akitapika damu.

Mjomba, ambaye alikuwa na bucha jirani, alimpakia dada yake kwenye gari la kwenda hospitali. Halafu akarudi ndani, akatoka na mpini wa jembe.

"Nani kampa dada yangu sumu hii?"

"Muuza mizizi! Si mtoto alisema!" majirani wakadakia.

Chapuchapu alifungua mdomo, akaufunga. Mjomba alikuwa ameshaondoka mbio, na nyuma yake kundi la watu likazidi kunenepa.

Huko sokoni, pigo la kwanza lilivunja meza, chupa zikapasuka. La pili lilimpata muuza mizizi kwenye taya. Alijaribu kusema, lakini kilichotoka ni damu na jino. Akaanguka. Watu ambao hawakujua hata kosa lake walimrukia kwa mateke.

"Mmalizeni! Muuaji huyo!"

"Mpigeni kichwani!"

Mtu mmoja aliokota tofali, akaliinua juu kwa mikono miwili.

Chapuchapu alipenya katikati ya miguu ya watu, akajitupa juu ya kifua cha muuza mizizi. Mpini wa Mjomba ulikuwa tayari unashuka. Ukampata begani, akasikia mfupa ukilia kah!

"Mimi!" alipiga ukelele. "Ni mimi, Mjomba! Yeye alisema ncha ya kijiko! Nilimdanganya Mama!"

Tofali likawekwa chini taratibu, na wale waliokuwa mbele wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Mjomba aliutazama mpini wake uliolowa damu, kisha mpwa wake. Aliutupa, akambeba muuza mizizi mgongoni hadi hospitali.

Yeye, Mama na Chapuchapu aliyevunjika bega, wote watatu walilazwa huko. Mama aliwahiwa, ini lake likaanza kupata nafuu. Daktari alieleza bila kupaza sauti: "Ndani ya mzizi huu mna kitu ambacho wataalamu wanakichunguza. Kimepunguza uvimbe wa viungo vya panya wa maabara, na huenda siku moja kikawa dawa. Lakini kikizidi kinaharibu ini, na kipimo salama kwa binadamu bado hakijajulikana. Hata hiyo ncha ya kijiko, mngeniuliza kwanza."

Mjomba alisimama kando ya kitanda cha muuza mizizi, mikono nyuma kama mwanafunzi mtoro. "Ndugu yangu, sikukuuliza hata neno moja. Nisamehe." Taya la mgonjwa lilikuwa limefungwa bandeji. Aligeuzia uso wake ukutani.

Chapuchapu alilia, akamsimulia Mama yote. Mama alimvuta karibu kwa mkono wake uliovimba.

"Ulitaka nipone, najua," alisema. "Lakini dawa haina haraka, ina kipimo. Na ulimsingizia mtu maneno ambayo hakuyasema, akavunjwa taya kwa maneno hayo. Ulipofungua mdomo pale nyumbani ukaufunga, ndipo ulipokuwa wakati wa kusema. Sasa nenda kwake. Atakaposhindwa kukujibu, usiondoke. Kaa naye."

Chapuchapu akaenda, akavuta kigoda, akakaa.