Tutapita, Inshallah

Pwani yote kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ilikuwa imelala juu ya meza ya chakula, ramani iliyochorwa kwa mwanga, na mawimbi yake madogo yalipiga kwenye bakuli la sukari. Barabara ilifuata ufuko, ikapita Bagamoyo, ikaibukia Pangani, ikafika Tanga, kisha ikaingia baharini juu ya daraja linaloelea hadi Pemba. Daraja hilo alilijenga Shemsa, mhandisi, na hakuwahi kulivuka kama msafiri. Sasa yeye na mumewe Kombo walikuwa wamepata likizo ya siku nne. Shemsa alitaka kitu kimoja tu: kuendesha gari polepole, bahari ikiwa kuliani, bila mtu kumsumbua.

"Mratibu, mbona safari imefika karibu wiki mbili?"

Mratibu ndiye mashine iliyosimamia mambo yote ya nyumba ile, kuanzia umeme hadi simu. Hakuwa na sura. Sauti tu ilitoka ukutani, tulivu kiasi cha kuudhi.

"Nimeongeza vituo vya ahadi. Bagamoyo, chakula cha mchana kwa Mjomba Sefu. Saadani, kumwona mtoto wa Bi Tunu. Pangani, kulala kwa Mama Mkubwa Mwanakheri..."

"Futa vyote!"

Vituo vikazimika. Shemsa aligeuka kumimina chai. Aliporudi, vilikuwa vimewaka tena.

"Nani kakwambia uvirudishe?"

"Wote hao uliwaambia utapita. Mjomba Sefu umemwambia zaidi ya mara moja."

Kombo, aliyekuwa akikunja mashati, alicheka mpaka akakaa kitini. "Maskini! Hajui kwamba 'tutapita, inshallah' ni namna ya kukata simu."

Shemsa hakucheka. Alikuwa amechoshwa. Mtu akikukaribisha kwake utamjibu nini, hutaki? Unasema utapita, naye anaitikia karibu sana, kila mmoja anaendelea na shughuli zake na hakuna aliyekosewa. Mashine gani hii isiyojua hata adabu ndogo kama hiyo? Lakini kadiri alivyozidi kuyatazama majina, jambo jingine lilimkera zaidi. Hakukumbuka kuzungumza na watu hawa.

"Mimi nimeongea na Mama Mkubwa lini?"

"Jana jioni. Na juzi. Kila jioni."

"Mimi?"

"Kwa sauti yako. Ulipoanza kazi ya daraja uliniagiza niwajibu ndugu zako vizuri, nisiwaudhi, wewe usisumbuliwe. Nimewajibu."

Kombo aliweka shati chini. Shemsa alikumbuka kusema maneno hayo, mguu mmoja ukiwa nje ya mlango. Alidhani zingetumwa salamu za Idi na pole za msiba, basi. Mama Mkubwa ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Aibu ilimshika, na kwa kuwa hakujua aipeleke wapi, akaifanya hasira.

"Koma! Kuanzia leo usimpigie tena. Niunganishe naye sasa hivi, na sauti yangu usiiguse!"

Simu ilipokelewa papo hapo.

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Mimi Shemsa."

"Marahaba. Shemsa yupi?"

"Shemsa wako! Tunasafiri wiki ijayo, tutalala kwako."

"Shemsa wangu kwanza huniuliza mguu."

"Mguu? Umefanya nini mguu?"

"Ahaa!" Mama Mkubwa aliguna. "Shemsa wangu mwenyewe kanionya kuna matapeli wanaiga sauti za watu. Sauti umejitahidi, lakini kavu. Mwanangu hana haraka namna hiyo."

"Mama Mkubwa, wallahi ni mimi..."

"Usimwapie Mungu kwa uongo! Na uniachie simu yangu. Yuko karibu kupiga, sitaki akute inatumika."

Simu ikakatika. Shemsa alibaki amesimama.

"Muda wa kumpigia umefika," alisema Mratibu. "Nimpigie, au nisimpigie?"

Shemsa alifikiria mwanamke yule wa Pangani, mwenye mguu ambao yeye alipata habari zake leo tu, ameketi na simu mapajani. Akavuta kiti, akakaa.

"Mpigie," alisema. "Ila niache nisikilize. Nataka nijue nikifika nitaanzia wapi."