Mikono ya Fundi Bomba

"Mstari wa TATU, mama! Wa TATUUU!"

Fundi bomba aliisikia sauti ya mkewe tangu ngazini. Mkono mmoja alibeba chombo cha chakula cha mchana, mkono mwingine chupa ya maji, na usoni tabasamu la mume mwema. Jengo zima la ghorofa tatu lilikuwa limeshajua kwamba kuna mtu hataki kusoma mstari wa tatu.

Aliposukuma mlango wa chumba cha kupimia macho, taa ilikuwa imezimwa kama kawaida, ubao wa herufi tu ndio uliong'aa kule mwisho. Kwenye kiti alikaa mama wa makamo, ile fremu nzito ya kupimia imemkalia puani, anageuza shingo huku na huku. Mpima macho, yaani mkewe, alikuwa amemwinamia sikioni na koti lake jeupe.

"Nimemuuliza mara tisa!" alilalamika. "Ananitazama tu. Ananidharau huyu?"

"Hasikii," fundi akasema. "Na wewe umemzimia taa. Kiziwi ukimweka gizani umemziba masikio na mdomo kwa mpigo. Atakujibu na nini?"

Akabonyeza swichi, taa ikawaka. Laiti angeiacha.

Yule mama alivua fremu, akapepesa macho, akamwona. Mikono yake ikaruka juu kama kuku aliyemwagiwa maji.

"Wewe! Mtoto wa shoga yangu! Umefuata nini huku?"

Fundi alijiambia: tulia, jikaushe, jifanye mti. Lakini mikono haikumsubiri. Chombo cha chakula kilishatua sakafuni, vidole vikaanza kujibu vyenyewe, haraka haraka, kama watoto waliofunguliwa shule.

"Nitakueleza, mama mdogo. Si hapa."

"Utanieleza nini? Mama yako kamaliza soli za viatu anakutafutia mchumba, kumbe wewe una pete kidoleni!"

"Punguza mikono, nakuomba."

"Sipunguzi! Unajua mama yako haoni tena vizuri? Jioni hafuati kabisa ninachosema. Juzi nimemwambia nimeunguza gauni la mteja, akanikumbatia, akanipa pole ya msiba. Anaingia gizani, na wewe uko huku unabeba vyombo vya chakula!"

Machozi mawili yakamtoka fundi kabla hajayakataza.

Nyuma yake mkewe alikuwa ameitazama mikono ile tangu mwanzo.

Sasa, huyu mpima macho alikuwa mtu wa tamthilia. Kitu kimoja kilikuwa kinamtoa roho: mhusika kubanwa kona sehemu ya mwisho, halafu ghafla anajua kurusha helikopta. Hapo alikuwa anairushia televisheni mto. "Ulijifunza lini?" alikuwa akifoka. "Sehemu arobaini hukutuambia!"

Safari hii hakufoka. Aliuliza polepole, na ndipo fundi alipoogopa.

"Ulijifunza lini?"

"Aa, hizi? Ishara za kawaida tu. Kazini kukiwa na kelele za mashine, tunapungiana."

"Mnapungiana."

"Ndiyo."

"Mmepungiana dakika tatu, na mwisho umelia."

"Vumbi, mke wangu."

"Vumbi gani chumba cha kupimia macho? Nakipangusa mwenyewe mara nne kwa siku!"

Yule mama hakusikia neno, lakini uso wa mwongo hausikilizwi, unatazamwa. Alivuta karatasi za vipimo mezani, akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandikia wasiomwelewa. Akamkabidhi mpima macho.

Mkewe akasoma kwa sauti.

"'Mimi ni mshonaji. Huyu ni mtoto wa shoga yangu. Nimembeba mgongoni. Mama yake ni kiziwi kama mimi, mzima wa afya, ila macho yanaisha. Wewe ni nani wake?'"

Karatasi ikashuka taratibu.

"Mama yako alifariki ukiwa na miaka tisa," mkewe alisema.

Fundi akatazama viatu vyake.

"Nijibu, mwanaume! Alifariki ukiwa na miaka tisa, ndivyo ulivyoniambia! Ukanipeleka makaburini!"

"Ni kweli nilikupeleka."

"Miaka sita naweka maua pale! Nimeng'oa magugu na tumbo la miezi minane! Nimepiga magoti nikamwambia, 'Mama, tumepata mjukuu!' Lile kaburi ni la nani?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Halikuwa na maandishi. Nikaona... halina mwenyewe."

Mpima macho akashika kichwa.

"Nimempalilia mtu baki! Inawezekana ni mwanaume!"

Mshonaji alikuwa anatazama midomo hii na ile kama mtu anayefuatilia mpira. Akamgusa fundi: "Anasemaje?" Fundi akamjibu kwa kidole kimoja kilichokata tamaa: "Amekasirika." Mshonaji akapinda mdomo. Hilo hakuhitaji kuambiwa.

"Na Ijumaa?" mkewe akaendelea, hesabu zinamjia moja baada ya nyingine. "Kila Ijumaa unajifungia bafuni nusu saa na simu. Tumbo, unasema. Nakununulia dawa ya tumbo!"

"Napigiana na Mama simu ya video. Tunaongea kwa mikono, huwezi kusikia kitu."

"Na dawa ulikuwa unapeleka wapi?"

"Nilikuwa nainywa."

"Bora!"

Fundi akakaa kwenye kile kiti cha wagonjwa, akasema lile alilolificha.

"Kabla yako nilikuwa na mchumba. Nilikwenda kwao na Mama kujitambulisha. Baba wa binti alipoona tunaongea kwa mikono akasimama, akasema, 'Sisi humu hatuzai mabubu.' Mama akaniuliza, 'Mzee anasemaje?' Nikamwambia, 'Anasema tumekaribishwa tena.' Mama akamshika yule mzee mkono kwa mikono miwili, akamshukuru. Akamshukuru! Njiani nikaapa hakuna mtu atakayemtukana tena mbele yangu."

Mpima macho alikaa kwenye ukingo wa meza. Fundi akadhani moto umepoa. Thubutu!

"Kwa hiyo mzee mmoja mjinga alitukana, adhabu ukampa mama yako? Ukamzika yeye?"

"Nilikuwa namlinda."

"Ulikuwa unajilinda wewe! Na mimi ukaniweka fungu moja na yule mzee. Miaka sita nalala nawe kitanda kimoja, na moyoni mwako nilishahukumiwa kwamba ningemtukana mama yako. Ulinipa nafasi lini ya kumtukana au kumheshimu?"

"Mke wangu..."

"Toka. Na chakula chako. Usikanyage nyumbani kwangu bila mama yako."

Akatoka. Ghorofa ya chini muuza vitabu alimpa pole bila hata kuuliza.

Siku zile alilala kwenye stoo yake ya kazi, kati ya mabomba na masinki. Simu ikawa ndiyo mke, ujumbe huku na huku.

"Nisamehe. Nimelala kwenye mabomba, mgongo umepinda kama kiwiko."

"Mlete mama."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Anauliza baba yuko wapi. Nimemwambia amekwenda kumtafuta bibi. Usinifanye mwongo, nyumba hii ina mmoja anatosha."

"Naomba tuongee kwanza sisi wawili."

"Mlete mama."

"Sijui nianzie wapi kumwambia."

Jibu lilichelewa saa nzima. Lilipofika, alitamani lisingefika.

"Ulianzia wapi kumzika?"

Jumamosi asubuhi alikwenda. Kwa mama yake hapakuwa na kengele ya kulia, bali kitufe cha kuwasha taa ndani, alichokifunga fundi mwenyewe. Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Zamani taa ikipepesa mara moja tu Mama alikuwa mlangoni. Siku hiyo alibonyeza mara saba.

Mama alikuwa mpiga pasi, nguo za watu zimepangwa kama matofali. Fundi alimsogeza dirishani kwenye jua kali, mikono ionekane, akamweleza yote.

"Rudia," Mama akasema.

"Nina mke, Mama. Na mtoto wa kike, ana miaka minne."

"Si hapo. Rudia pale pengine. Macho yangu mabovu, labda nimeona vibaya."

Vidole vya fundi vilikuwa vizito kama spana.

"Nilimwambia mke wangu kwamba umekufa."

Mama hakulia, wala hakurusha kitu. Alichomoa waya wa pasi ukutani, akakaa, akafumba macho.

Kwa kiziwi hakuna tusi kubwa zaidi ya kukufumbia macho. Amekufungia mlango, amegeuza ufunguo. Unaweza kupiga magoti na kupunga mikono mpaka bega likung'oke, huko ndani hakuna anayekuja. Fundi alimgusa goti, goti likasogezwa. Akasubiri. Nguo zikapoa. Jua likahama dirisha hili kwenda la pili.

Ndipo Mama akafumbua.

"Mkeo anapima macho?"

"Ndiyo, Mama."

"Twende. Na siendi kwa ajili yako, ng'ombe wewe."

Mpima macho aliwapokea mlangoni. Hakumtazama mumewe hata kwa bahati mbaya. Alimshika mkwewe mkono, akamkalisha, na safari hii hakuzima taa yote. Alimulika jicho la kwanza, la pili, akarudi la kwanza.

"Mwambie," alimwambia fundi huku akitazama ukuta, si uso wake. "Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Watamfanyia upasuaji, ataona. Ila angeletwa miaka miwili nyuma isingefika hapa. Hilo nalo mwambie."

Fundi akamwambia Mama kuhusu upasuaji.

"Na hilo la miaka miwili?" mkewe akauliza.

"Nimemwambia."

"Hujamwambia."

Fundi akashtuka, lakini akamwambia. Mama akageuka, na mikono yake ikawaka. Ilikata hewa, ikapiga kiganja, ikamnyooshea kidole mwanawe kifuani, ikaenda juu, ikarudi chini. Dakika nzima. Alipomaliza, alikuwa anahema.

"Anasemaje?" mpima macho akauliza.

"Anasema... amesikitika kidogo."

"Kidogo."

"Ndiyo."

"Dakika nzima ile, umenipa maneno mawili?"

"Lugha yetu ina maneno mengi, mke wangu."

Mama alimgusa mkwewe mkono. Sasa mikono yake ilikwenda taratibu, midogo, karibu na kifua, kama mtu anayenong'ona. Fundi alipoiona, uso ulimshuka.

"Na hapo?"

"Anauliza... kama umechoka. Anasema tuondoke, upumzike."

Mpima macho aliweka kurunzi yake mezani. Akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusana na ya Mama. Akainua mikono, akaisogeza kwenye mwanga, pale pale macho mabovu yangeweza kuiona. Na mikono ile, polepole kama ya mwanafunzi mbele ya ubao, ikaanza kusema.

"Sikuonei aibu, Mama," alisema kwa vidole, neno moja moja. "Naona aibu... huyu."

Mama alikodoa macho. Akaushika mkono wa mkwewe, akamnyoosha kidole cha shahada kilichokaa vibaya, akatikisa kichwa: endelea.

"Karibu nyumbani. Mtoto... anasubiri. Bibi."

Fundi alisimama kama bomba lililokatiwa maji.

"Uli..." alimeza mate. "Ulijifunza lini?"

"Kwa mshonaji!" mkewe akamgeukia, na hasira yote ya siku tisa ikamfuata. "Kila siku nikifunga kazi, nakaa naye saa mbili mpaka vidole vinavimba! Siku tisa nimejifunza kuongea na mama yako, wewe miaka sita ulishindwa kunitajia tu kwamba yupo! Unafikiri sikuelewa swali? Ameniuliza kama namwonea aibu. Mwanamke anauliza kitu kama hicho, wewe unamwekea maneno mdomoni! Ndivyo ulivyofanya kwa yule mzee, ndivyo unavyofanya kwangu. Unatuchagulia cha kusikia!"

"Niliogopa jibu."

"Jibu langu ni langu! Si lako kuliogopa!"

Mama alimpiga mwanawe begani na mkoba. Hakuwa amesikia kitu, ila aliona wakati ni mwafaka. Fundi akapiga magoti pale sakafuni, kati ya wanawake wawili, akaomba msamaha kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja, mpaka lugha zikagongana na yeye mwenyewe akapotea. Hakupunguza. Aliitaja ile siku ya mzee na alichomwambia Mama badala ya tusi. Mama aliyafuata maneno yale kwa shida, uso umeinamia mikono ya mwanawe. Yalipokwisha, alijifuta macho kwa kiganja.

Halafu alimgeukia mkwewe, akasema kitu kirefu.

"Hayo sijafika," mpima macho alikiri. "Mshonaji hajanifundisha. Fasiri wewe. Yote."

Fundi akavuta pumzi.

"Anasema mimi ni ng'ombe."

"Hilo nimelijua. Endelea."

"Ng'ombe asiye na hata maziwa. Anasema alimshukuru yule mzee bure, na angelijua tusi lake angelijibu mwenyewe, ana mikono. Anasema..." Akaitazama sakafu. "Anasema anakuomba unirudishe nyumbani. Ila nilale sebuleni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka auone uso wangu vizuri wakati naomba radhi. Anasema kwa macho haya anaona ukungu tu unapiga magoti, hawezi kujua kama nimejuta au napiga chafya."

Mpima macho aliuma mdomo. Kicheko kilimkaribia, akakirudisha kwa nguvu. Hasira yake ilikuwa haijaisha, na hakutaka kuipoteza mbele ya mtu huyu.

"Nakubali," alisema. Akafungua daftari la miadi. "Hospitali wanafanya jicho moja kwanza. Nafasi iliyo karibu ni baada ya wiki sita. La pili, miezi mitatu baadaye."

"Basi wiki sita," fundi akasema upesi, akimfasiria Mama huku akijaribu tabasamu. "Jicho moja linatosha kuona mtu anajuta. Au siyo, Mama?"

Mama alimtazama mkwewe. Mkwewe alimtazama Mama. Hakuna aliyemwomba afasiri chochote.

Mama akainua vidole viwili.