Mama Aliamini Fundo Langu

Nina miaka hamsini na mbili, mjane, naishi mtaa wa Bulengera hapa Butembo. Ndugu wasomaji, watu huniambia nisamehe, yamepita... Hayajapita! Hasira bado ninayo!

Wakati wa vita famasi zilibaki na rafu tupu, na malaria ilikuwa inatumaliza. Tukapanda artemisia, yale majani machungu ya chai ya homa. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, kwa macho tu huwezi kuzitenganisha na za magugu. Kwa hiyo kila fungu nililijaribu kwanza. Nilipanda chache ndani ya kopo la sardini, nikangoja majani, nikayasugua vidoleni na kunusa. Harufu ikiwa kali, ndipo nilipofunga mfuko kwa kamba ya mgomba, kwa fundo langu mwenyewe lenye macho mawili, yaani vitanzi viwili. Hata mji wa jirani wa Beni walilijua fundo la Masika, maana ndilo jina langu.

Nilimfundisha mtu mmoja tu kulifunga. Ni Kavugho, dada mdogo wa mume wangu, niliyemlea nyumbani mwangu tangu utoto!

Wamama wa parokia moja ya Beni wakaomba mbegu za bustani yao. Kavugho akajitolea kuzipeleka. "Yaya, wewe bakia na batoto," akaniambia, maana huku dada mkubwa tunamwita yaya. "Miye nitapita na batu ba soko." Nikamshukuru, nikamfungia hata ndizi za njiani!

Kumbe kabla ya kutoka Butembo alifungua mfuko. Mbegu zangu akamuuzia mchuuzi wa kwenda Manguredjipa, kwa wachimba dhahabu. Akajaza mbegu za magugu ya kandokando ya njia, kisha akafunga tena... kwa fundo langu!

Halafu mapigano yakafika kijijini kwa mama yangu. Akakimbilia Beni, akapokelewa na mmoja wa wamama wale wale. Bustani ilikuwa imeshaota, na mfuko wangu walikuwa wameuchana chini, fundo likabaki juu. Homa ikampata, wakataka kumbeba hadi hospitali. Mama akakataa katakata.

"Hapana kunipeleka!" aliwaambia. "Fundo nililiona na macho yangu. Hii njo dawa ya mutoto wangu."

Chai ilikuwa chungu, lakini magugu mangapi si machungu? Akanywa, akanywa tena... Alikufa akiomba aongezewe kikombe.

Barabara ilipofunguka nilienda kulia kaburini. Wamama wakanipeleka bustanini ili wanishukuru. Kunishukuru mimi! Nikachuma jani, nikasugua, nikanusa. Hakuna harufu, majani matupu. Nikachuma lingine, na lingine... Nikapiga kelele hadi majirani wakaja.

Nilipomkabili Kavugho, alikiri yote bila hata chozi. "Yaya, vita iko, kila mutu anajitafutia. Majani si ni majani tu?"

Majani tu! Na mama yangu je, alikuwa nini? Ukoo wa mume wangu ukasema tunyamaze, ni mambo ya nyumbani. Sinyamazi! Kavugho hajakanyaga kwangu tena, wala hatakanyaga.

Ndugu zangu, nawasihi, mgonjwa wa homa apelekwe hospitali. Na mbegu ya dawa msiipokee kwa sababu ya jina, fundo au undugu. Mimi sifungi fundo tena. Anayekuja kwangu nampa mbegu pamoja na kopo, apande, asugue, anuse mwenyewe.

Mama yangu hakunusa. Angenusa kwa nini? Mbegu zilitoka kwa mtoto wake.