Feni Isiyo Mbovu

Kila siku nikitoka shule napitia kwa Baba. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati unaofungukia barabarani, na ndani ni feni tupu: za mezani, za kusimama, za dari zilizovuliwa mapanga zikabaki kama vichwa vilivyonyolewa. Naweka begi kwenye stuli, nachukua sumaku, naingia chini ya meza kuokota skrubu zilizodondoka. Hiyo ndiyo kazi yangu. Naipenda kwa sababu haina kuongea na mtu.

Mimi si mwongeaji. Darasani nikiulizwa swali, mwalimu inabidi ainame kunisikia. Baba naye ana kigugumizi, tena si kidogo. Neno linaweza kumkwama mpaka mteja akaangalia saa. Lakini nyumbani kwetu kuna sheria ambayo Mama aliiweka kabla sijazaliwa: neno la Baba halimaliziwi na mtu mwingine. Unangoja. Hata kama unajua anataka kusema "chumvi", na chumvi iko hapo mbele yako, unangoja aseme mwenyewe ndipo umpe. Mimi nilidhani kila nyumba iko hivyo.

Kazini Baba hahitaji maneno mengi. Anawasha feni, anagusisha ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini anauweka sikioni, anafumba macho na kusikiliza. Halafu anakwambia ugonjwa.

Kaka yangu yuko madarasa ya juu, anasoma Biashara, na tangu aanze somo hilo nyumbani hatupumui. Ukimtuma maji anakueleza habari za ugavi na mahitaji. Alikuwa na ukurasa wa video mtandaoni ambako alikuwa anaweka video za Baba akitengeneza feni, kuanzia kufungua mpaka inazunguka. Zilikuwa video nzuri, nasema kweli. Ila watazamaji walikuwa wachache, na nusu yao ni sisi wenyewe.

"Lile ni soko huria," alikuwa anatuambia mezani. "Hakuna pango, hakuna wa kukuzuia mlangoni. Kila mtu anatandaza chake, mtazamaji anachagua. Kizuri kinapanda, kibaya kinashuka."

"Sasa mbona cha kwako hakipandi?" Mama akamuuliza.

"Kinapanda polepole, Mama."

"Polepole gani hiyo? Mimba ya tembo?"

Tulicheka wote, hata Baba. Laiti tungeishia hapo.

Siku moja alikuja mama mmoja na feni ya kusimama. Alikuwa ameshakata tamaa, anataka kununua mpya. Baba akasikiliza, akafungua, akamwonyesha kitu kidogo kama kipande cha biskuti kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka. Akamwambia feni haijafa, kilichokufa ni kapasita tu, asinunue nyingine. Kulisema hilo lote kulimchukua muda. Neno "kapasita" lilimkwama, akafumba macho, akapambana nalo mpaka likatoka. Yule mama alifurahi, akamshika Baba mikono yote miwili. Kaka alikuwa amesimama penye rafu ya vipuri, mahali pake pa kila siku, anarekodi.

Jioni nilimkuta chumbani ameinamia simu. Alikuwa amekata kusikiliza. Amekata ushauri. Amekata furaha ya yule mama. Amebakiza mdomo wa Baba tu, macho yamefumbwa, amekwama kwenye mwanzo wa neno, na ule mwanzo ameurudiarudia akaupigia ngoma. Sitaandika hapa ulivyokuwa unasikika. Wameshauandika wenzangu vya kutosha, kwenye madaftari, kwenye ubao, hata kwenye ukuta wa choo cha wavulana.

"Hii naiweka kwenye ukurasa mwingine, usio na jina langu," akasema. "Majaribio tu."

Majaribio! Kesho yake video ilikuwa imeshapanda. Kesho kutwa ilikuwa kila mahali. Nyuma yangu darasani anakaa mvulana tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Akawa ananigonga mgongoni na rula kwa mdundo wa ile ngoma.

"Mtoto wa Kapasita! We, mtoto wa Kapasita! Umerithi ama wewe huna moto kabisa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikatazama daftari langu mpaka mistari ikawa ukungu.

Nilimkabili Kaka uani, akiwa anaanika shati.

"Futa."

"Unajua watu wangapi wametazama?"

"Ni Baba, Kaka."

"Kwani mimi ndiye niliyechagua? Niliweka kazi yake, soko likakataa. Nimeweka hii, soko limeipenda. Mimi ni nani nibishane na soko?" Akakung'uta shati, maji yakanirukia usoni. "Na usimwambie Mama. Itapoa yenyewe."

Nilikuwa na ya kumjibu. Yalijaa kifuani kama maharage kwenye sufuria. Lakini nikageuka nikaenda zangu.

Sasa, mdomo wangu una aibu lakini kidole gumba hakina. Nilichukua simu ya Mama, nikafungua akaunti ya jina la uongo, nikaingia kwenye ile video. Chini yake watu walikuwa wameandika upuuzi wa kila aina, na mimi nikaanza kumjibu mmoja mmoja. Aliyecheka nilimwambia meno yake yang'oke. Aliyemwita Baba mgonjwa nilimwambia mgonjwa ni yeye. Wakanijibu, nikawajibu, wakaleta wenzao, nikawajibu na wenzao. Siku kadhaa nilikuwa nafanya hivyo kila nikiipata simu, na nilijiona shujaa. Nilijiona namlinda baba yangu.

Halafu Kaka akaingia sebuleni anang'aa kama amechaguliwa kiranja.

"Kuna kichaa mmoja kwenye ile video anagombana na dunia nzima! Ametusaidia huyo, we acha tu. Ilikuwa imeanza kushuka, ameipandisha mara mbili."

"Ameipandishaje?" nikauliza. "Si anaitukana?"

"Ile mashine ya kupanga video inajua matusi? Inachoona ni watu wamejazana, basi inaita na wengine. Kwenye soko la nyanya ukigombana na muuzaji wateja wanakimbia. Kule ukigombana wanajaa."

Yule kichaa nilikuwa mimi. Moto ulikuwa unaanza kuzimika, mimi nikaja na feni.

Nilikaa nikafuta majibu yangu, moja baada ya jingine. Na kila nililofuta nilizidi kuwaka, maana soko gani hili? Aliyekataa anahesabiwa mteja. Aliyelia anahesabiwa mteja. Eti huria! Huria kwa nani? Baba alikuwa ameuzwa, na hata kuulizwa hakuulizwa.

Jioni ile tulikaa kula. Baba akatazama mchuzi, akatazama kopo la chumvi upande wa Kaka. Tukangoja kama siku zote. Baba hakusema kitu. Alinyoosha kidole.

Mkono wa Mama ukasimama hewani na kijiko chake.

"Kuna mteja amemwonyesha video yake mtandaoni," Mama akasema taratibu. "Tangu asubuhi haongei. Sijui ni mtu gani asiye na haya aliyeingia pale akamrekodi mume wangu. Ningempata!"

Kaka akatazama sahani yake kama ameona nzi. Baba akamtazama Kaka, kitambo kirefu, halafu akaendelea kula. Mimi nikamtazama Baba, nikaendelea kutafuna. Nilijichukia.

Kuanzia hapo karakana ikawa kimya. Baba alikuwa anawaonyesha wateja kwa kidole: hiki, hapa, kesho. Wale waliomzoea waliondoka wameinamisha vichwa. Wale waliokuja kwa ajili ya video waliondoka wamenuna, kama vile wamenyimwa haki yao.

Jumamosi Kaka alikuwa pale juu ya ngazi anashusha feni za dari, mimi niko chini ya meza na sumaku yangu. Akaingia kijana mmoja wa miwani ya jua na feni ndogo ya mezani, nyuma yake mwenzake ameshika simu juu.

"Fundi, feni inanisumbua," akasema yule wa miwani. "Sijui ina nini."

Baba akaichomeka. Ikazunguka vizuri kabisa. Akaweka bisibisi kwenye mota, mpini sikioni, akafumba macho. Akasogeza bisibisi upande wa pili, akasikiliza tena. Kule chini ya meza hata mimi nilikuwa naisikia: ilikuwa inanguruma laini kama paka aliyeshiba. Baba akafungua skrubu, akachungulia, akapangusa vumbi, akafunga. Akatikisa kichwa.

"Ina nini, Fundi? Sema basi! Tusaidie kusema?" Yule wa miwani akamsogelea Baba ili wote wawili waingie kwenye picha. "Imekufa nini? Ka... ka... eeh? Ka...?"

Nikaelewa. Walikuwa wameleta feni nzima. Wametoka kwao, wamebeba feni nzima barabarani kwenye jua, ili baba yangu akwame mbele yao.

Sijui nilitokaje chini ya meza. Najua niligonga kichwa na skrubu zote zikamwagika.

"Feni yako si mbovu!" Sauti ilikuwa kubwa mpaka nikadhani ni ya mtu mwingine. "Si mbovu na unajua! Na neno la baba yangu halimaliziwi na mtu! Halimaliziwi!"

Cherehani ya mlango wa pili ikanyamaza. Fundi cherehani jirani yetu, mama wa makamo, akatokea mlangoni na mkasi mkononi.

"Taratibu, mdogo wangu, ni utani tu," yule wa miwani akasema.

Sikumjibu. Niligeuka kwa Kaka, aliyekuwa amesimama juu ya ngazi ameshika panga la feni.

"Haya, Kaka. Soko lako hili hapa. Wateja wako wamekuja. Shuka uwahudumie!"

Yule wa miwani akatazama juu. "Kumbe ile video ni yako? Wee! Umetisha, ndugu yangu! Tumecheka mpaka basi!" Akamnyooshea mkono ampongeze.

Kaka alishuka ngazi, na ule mkono hakuupokea. Niliona uso wake ukibadilika. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alikutana na mtazamaji wake ana kwa ana, na mtazamaji mwenyewe ndiye yule.

"Baba," akasema. Sauti ikamkwama. Akameza mate, akaanza upya. "Baba, ni... ile video..." Akasimama tena. Hakuna aliyemmalizia. Hata mimi. "Ni mimi niliyeiweka, Baba. Nilikata ulichosema. Nisamehe."

Baba akaweka bisibisi chini. Alipoanza kuongea, yule mwenye simu akainua mkono haraka.

"Shusha hiyo simu," fundi cherehani akamwambia, "kabla sijaipunguza urefu kama suruali."

Simu ikashuka.

Na Baba akaongea. Ilichukua muda mrefu, na wewe unayesoma ngoja tu, kama sisi tulivyongoja. Alimwambia yule kijana kwamba feni yake ni nzima, airudishe nyumbani, na vumbi amempangusia bure. Kijana akavua miwani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Akaokota feni yake, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, mzee," wakaondoka.

Halafu Baba akamgeukia Kaka.

"Nilijua ni wewe. Picha imechukuliwa kutoka penye rafu, na penye rafu husimama mtu mmoja tu. Nilikuwa nangoja uliseme mwenyewe."

Kaka akaanza kulia, waziwazi, mtu mzima na ndevu zake tatu.

"Unasema huko hakuna wa kukuzuia," Baba akaendelea. "Hata hapa hakuna. Kila mteja anayeingia humu naweza kumwambia feni yake imekufa nimuuzie nyingine, na ataamini, kwa sababu yeye haisikii mota. Soko haliwezi kunikataza. Ninayejikataza ni mimi. Ukisema soko ndilo lililochagua, mwanangu, wewe ulikuwa wapi?"

Akanitazama na mimi.

"Na wewe. Hasira yako nimeisikia leo. Inatosha kusikika humu ndani. Usije ukaenda kuiuza kule, maana kule hata hasira ni bidhaa. Kitu kibaya usikitazame, usikijibu, usikipeleke kwa mwenzio. Njoo umwambie mwenye kosa, usoni."

Kaka aliifuta video palepale. Nakala zilizochukuliwa na wengine bado zipo, siwezi kudanganya. Zile hatukuzijibu. Kwa zilizokuwa kwenye simu za wenzangu, Kaka alikuja shuleni wakati wa mapumziko, akasimama mbele ya Redio na kundi lake, akasema yule ni baba yake na yeye ndiye aliyemkosea, basi wazifute. Mimi bado nina hasira na Redio, lakini rula yake haijanigusa tena.

Kwenye ukurasa wake wa zamani Kaka ameweka ile video nzima ya yule mama na feni yake. Baba ndiye aliyetaka. "Weka yote," alisema, "na pale nilipokwama usipakate." Waliotazama ni wachache, na nusu yao ni sisi.

Jioni ya Jumamosi ile tulikaa kula. Baba akatazama mchuzi, akafumba macho, akaanza neno. Kopo lilikuwa upande wa Kaka, na Kaka alikuwa ameshalishika. Mkono wake ukatulia hapohapo mezani.

Tukangoja, wote, mpaka Baba akamaliza kusema chumvi.